Dawa ya Macho Haiazimwi



Katika vijiji vyetu vya Ndama kuazimana ni sehemu ya maisha. Jirani huja kuazima jembe, panga, sufuria kubwa ya msiba au ya harusi, chumvi ya kijiko kimoja, hata kaa la moto la kuwashia jiko. Asiyetaka kuazimisha huonekana mchoyo. Makala hii inahusu kitu kimoja ambacho hakifai kuazimwa hata kwa ndugu wa damu, nacho ni chupa ndogo ya dawa ya matone ya macho.

Naandika jambo hili kwa uchungu, kwa sababu chupa nitakayoieleza ilitoka nyumbani kwangu.

Mwaka 2019 mama yangu mzazi alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Upasuaji ulikwenda vizuri. Alipewa dawa ya matone ya kutumia kwa wiki kadhaa, akaitumia kama alivyoelekezwa, na hadi leo anachambua maharage mwenyewe bila kusaidiwa. Dawa ilibaki kama nusu chupa. Kwa kuwa sisi hatukuzoea kutupa kitu kilichonunuliwa kwa fedha, chupa ile tuliiweka kabatini.

Miezi mingi baadaye jirani yetu alikuwa anapogoa kahawa shambani kwake. Tawi alilokuwa amelivuta lilimponyoka, likarudi na kumchapa jichoni. Jioni alikuja kwetu, jicho limekuwa jekundu na linatoa machozi, akauliza kama tuna dawa yoyote. Mimi mwenyewe nilifungua kabati, nikasoma juu ya chupa kwamba ni dawa ya macho, nikampa. Sikusoma zaidi ya hapo.

Kwa siku mbili, tatu za mwanzo wekundu ulipungua na maumivu yakatulia. Jirani yangu alifurahi, akatuletea mkungu wa ndizi kwa shukrani. Katika wiki ya pili maumivu yalirudi kwa nguvu, mwanga ukawa unamchoma, na doa jeupe likaonekana mbele ya mboni. Alipofika hospitali aliambiwa kwamba fangasi wameingia kwenye kioo cha jicho, na kwamba dawa aliyokuwa akitumia ndiyo iliyowapa nafasi ya kukua. Leo jicho lile linatambua mwanga na giza tu. Hajanilaumu hata siku moja. Lakini kila ninapomwona akigeuza kichwa kizima ili anitazame, najua nilichofanya.

Mimi si mtaalamu wa tiba. Kazi yangu ni kuratibu miradi. Tangu wakati ule nimekuwa nikiuliza wataalamu na kusoma, ili nielewe kosa langu lilikuwa wapi. Niliyojifunza ndiyo ninayowaletea katika toleo hili.

JICHO JEKUNDU SI UGONJWA MMOJA

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kila jicho jekundu lina ugonjwa uleule, na hivyo lina dawa ileile. Wekundu ni dalili tu, kama homa ilivyo dalili. Homa inaweza kutokana na malaria, nimonia au kidonda. Vivyo hivyo jicho linaweza kuwa jekundu kwa sababu nyingi. Zile zinazoonekana mara nyingi kwetu ni hizi:

1. Virusi. Macho hutoa machozi mengi ya majimaji, yanakuwa kama yana mchanga ndani, na ugonjwa huenea haraka nyumbani na shuleni. Mwezi Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa macho mekundu ulioonekana kwanza Dar es Salaam na kisha mikoa mingine. Ugonjwa wa aina hii si mgeni: mwaka 1969 ulienea nchini Ghana, na kwa kuwa mwaka huohuo chombo cha Apollo 11 kilifika mwezini, watu wa nchi nyingi waliuita Apolo. Dawa za kuua bakteria haziui virusi. Kwa kawaida jicho hupona lenyewe katika wiki moja au mbili, na kazi kubwa ni usafi: kunawa mikono kwa sabuni, kutochangia taulo wala beseni, na kutoshikashika macho.

2. Bakteria. Hapa jicho hutoa usaha au tongotongo nzito za njano, na asubuhi kope zimegandana. Dawa za kuua bakteria, kama vile matone ya kloramfenikoli au jentamaisini, au mafuta ya tetrasaiklini, husaidia. Mgonjwa huanza kuona nafuu katika siku mbili au tatu.

3. Mzio. Dalili yake kubwa ni kuwasha. Mtoto hufikicha macho mchana kutwa, hasa nyakati za vumbi, na hali hii hurudi mara kwa mara kwa miaka. Haiambukizi. Ina dawa zake, na baadhi ya dawa hizo ni hatari zikitumika bila kusimamiwa, kama tutakavyoona.

4. Trakoma. Ugonjwa huu huambukiza watoto mara kwa mara, na baada ya miaka mingi kope hugeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho. Mafuta ya tetrasaiklini, ambayo kwa tongotongo za kawaida hutumika kwa siku chache, kwa trakoma hutumika mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki 6. Hivyo dawa ileile inaweza kuwa na muda tofauti kabisa kulingana na ugonjwa.

5. Kuumia. Tawi la kahawa, jani la muhindi, punje inayoruka wakati wa kupura maharage, kipande cha ukuni. Majeraha haya ni ya kila siku kwa wakulima wa Karagwe na Kyerwa, nasi huyadharau kwa kuwa hayatoki damu. Kumbe jeraha linalosababishwa na mmea ndilo mlango mkubwa wa fangasi kuingia jichoni.

6. Presha ya jicho na uvimbe wa ndani ya jicho. Haya huleta maumivu makali na kupungua kwa uwezo wa kuona. Hayatibiwi kwa dawa ya dukani hata kidogo.

Mgonjwa mwenyewe, jirani yake, au mratibu wa miradi hawezi kutofautisha haya yote kwa kutazama tu. Mhudumu aliyefunzwa, mwenye tochi na dawa maalumu ya kupaka rangi kidonda cha jicho, anaweza.

CHUPA ZINAFANANA, KAZI ZAKE HAZIFANANI

Chukua chupa tano za dawa ya macho uzipange mezani. Zote ni ndogo, za plastiki, zenye mdomo mwembamba. Lakini moja inaua bakteria, ya pili inapunguza uvimbe, ya tatu inashusha presha ya jicho, ya nne inatanua mboni, na ya tano ni ya kulainisha jicho kavu tu. Aliyetanuliwa mboni bila sababu atashindwa kusoma na anaweza kupandishwa presha ya jicho. Mwenye pumu akiazima matone ya timololi ya mzee mwenye presha ya jicho, anaweza kubanwa na kifua, kwa sababu dawa ya jichoni hupita kwenye njia ya machozi, ikaingia puani na hatimaye kwenye damu.

Zipo pia chupa zinazofanana na hizi ambazo si za macho kabisa. Dawa ya matone ya masikio isiwekwe jichoni kamwe. Na gundi kali ya kushikiza viatu na plastiki, inayouzwa katika vichupa vidogo vya mdomo mwembamba, imewahi kutiwa machoni kwa makosa katika nchi nyingi duniani. Usiweke gundi na dawa ya macho katika kabati moja.

DAWA INAYODANGANYA

Chupa niliyompa jirani yangu ilikuwa ya kundi linaloitwa steroidi. Dawa hizi ni muhimu sana. Baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho hutolewa ili kutuliza uvimbe, na bila hizo wagonjwa wengi wangepata matatizo. Kosa halikuwa la dawa.

Ieleweke hivi. Jicho linapoumia au kuingiliwa na vijidudu, mwili hupeleka askari wake wa kupigana. Wekundu, joto na uvimbe tunaouona ni dalili ya vita hivyo. Steroidi huwaamuru askari wasimame. Kama hapakuwa na adui, bali ni uvimbe wa upasuaji au mzio tu, hilo ni jambo jema. Lakini kama adui yumo, ni sawa na kumnyamazisha mbwa anayebweka usiku huku mwizi yumo shambani. Nyumba itakuwa kimya, nawe utalala vizuri, na asubuhi utakuta mikungu imekwisha.

Ndiyo maana jirani yangu aliona nafuu kwanza. Nafuu ile ilikuwa ya uongo. Dawa hizi zikiwekwa kwenye jicho lenye fangasi, au lenye kidonda cha virusi vya hepesi, kidonda huenea kwa kasi na kinaweza kutoboa kioo cha jicho.

Kuna madhara mengine yanayokuja polepole. Mtu akitumia steroidi machoni kwa wiki au miezi mingi bila kupimwa, presha ya jicho inaweza kupanda na kuua mshipa wa kuonea, na mtoto wa jicho anaweza kutokea hata kwa kijana. Wanaoingia katika hatari hii ni hasa watoto wenye mzio. Mzazi hupewa chupa moja hospitalini, mtoto anapata nafuu, kisha mzazi anaendelea kununua mwenyewe chupa baada ya chupa kwa kuonyesha ganda la zamani. Uwezo wa kuona unaopotea kwa presha ya jicho haurudi tena.

Utaitambuaje? Soma jina la dawa lenyewe, hata kama maandishi ni madogo. Ukiona moja ya majina haya, Dexamethasone, Betamethasone, Prednisolone, Hydrocortisone au Fluorometholone, hiyo ni steroidi. Angalia kwa makini, kwa sababu mara nyingi steroidi huchanganywa na dawa ya kuua bakteria katika chupa moja, na mtu akiona jina la ile ya kuua bakteria huridhika asisome jina la pili. Dawa ya namna hiyo itumiwe tu na mtu aliyechunguzwa jicho lake na kuandikiwa, kwa muda alioandikiwa. Asiiache ghafla katikati kwa kuwa ameona nafuu, wala asiiongeze muda kwa hiari yake.

UKICHAPWA NA TAWI SHAMBANI

Swali linalobaki ni hili: jirani yangu angefanya nini usiku ule? Jibu zuri nililolipata linatoka mbali, Bhaktapur nchini Nepal, kwa wakulima wa milimani wenye maisha yanayofanana na yetu. Matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 2001. Wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kumchunguza kila aliyeumia jicho, na aliyekuwa na mkwaruzo kwenye kioo cha jicho alipewa mafuta ya kloramfenikoli ya asilimia 1, mara tatu kwa siku kwa siku 3. Waliotibiwa kwa mikwaruzo walikuwa 442. Kati ya 284 waliotibiwa ndani ya saa 18 baada ya kuumia, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Kati ya 109 waliotibiwa kati ya saa 18 na 24, waliopata kidonda ni 4. Na kati ya 49 waliochelewa hadi kati ya saa 24 na 48, waliopata kidonda ni 14.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Dawa ilikuwa ileile, ya bei nafuu na isiyo na steroidi ndani yake. Kilichotofautisha waliopona na walioumia zaidi ni saa chache za kuchelewa. Hivyo basi, aliyechapwa na tawi leo mchana afike zahanati leo, au kesho asubuhi na mapema. Asisubiri siku ya gulio.

Kabla ya kufika huko azingatie yafuatayo:

- Asifikiche jicho.
- Kama ni vumbi au punje, asafishe kwa maji safi yanayotiririka. Kama kitu kimechoma na kuzama ndani ya jicho, asikitoe; afunike jicho bila kuligandamiza, apelekwe hospitali.
- Kama ni dawa ya kunyunyizia mimea, chokaa au maji ya betri, aoshe jicho palepale kwa maji mengi safi kwa muda usiopungua dakika 15, akilifungua kwa vidole, ndipo aende hospitali. Hapa kila dakika ina thamani. Asianze safari kabla ya kuosha.
- Asiweke dawa yoyote ya kuazima.

VIPI DAWA ZA KIENYEJI?

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu walitibu macho kwa maji ya majani, maziwa ya mama mzazi, asali, au hata mkojo. Sisemi kwamba wazee hawakuwa na hekima. Lakini jicho halina ngozi ya kulikinga kama mguu. Kitu kisichochemshwa wala kuchujwa, kilichoshikwa kwa mikono na kutiwa juu ya kidonda cha jicho, hupeleka vijidudu moja kwa moja mahali vinapotaka kufika, na baadhi ya majani yana utomvu unaounguza.

Hapa kwetu Tanzania jambo hili limechunguzwa. Katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, madaktari waliwachunguza wagonjwa waliokuwa na vidonda kwenye kioo cha jicho, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Takriban robo ya vidonda hivyo vilihusiana na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Watoto wenye surua huwa hatarini zaidi, kwa sababu macho yao tayari yamedhoofika. Mtoto wa surua anahitaji kituo cha afya na vitamini A, wala si majani.

NAMNA YA KUWEKA MATONE

Wengi wetu hupewa dawa sahihi na bado tunaitumia vibaya. Fuata hatua hizi:

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji safi.
2. Soma jina la dawa, jina la mgonjwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kama huwezi kusoma, mwite mtoto wa shule akusomee. Si aibu.
3. Tikisa chupa kama maelezo yanasema hivyo.
4. Safisha tongotongo kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Kila jicho na kitambaa chake.
5. Kaa au lala chali, tazama juu, vuta kope ya chini taratibu ili ifanye kama mfuko mdogo.
6. Dondosha tone moja ndani ya mfuko huo. Mdomo wa chupa usiguse jicho, kope wala kidole.
7. Fumba jicho taratibu, bila kulibana wala kupepesa. Bonyeza kwa kidole kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja, ili dawa isikimbilie puani.
8. Kama una dawa ya pili, subiri dakika 5 kabla ya kuiweka. Kama una matone na mafuta, tanguliza matone, mafuta yafuate.
9. Funika chupa mara moja, nawa mikono tena.

Watu wengi huuliza kwa nini tone moja tu. Tone moja lina kama mililita 0.05, na jicho lina nafasi ya kama mililita 0.03. Hata hilo moja linafurika. Tone la pili na la tatu huteremka shavuni na kupoteza fedha yako.

Mtoto anayekataa alazwe chali akiwa amefumba macho. Dondosha tone kwenye kona ya jicho karibu na pua, kisha mwambie afumbue. Dawa itaingia yenyewe. Baada ya kuweka mafuta, macho huona ukungu kwa muda. Usiendeshe pikipiki wala kushika panga mpaka ukungu uondoke.

Tumia dawa ya kuua bakteria kwa siku zote ulizoandikiwa, hata kama jicho limekuwa jeupe siku ya pili. Lakini kama baada ya siku mbili au tatu hakuna nafuu yoyote, usinunue chupa nyingine. Rudi ukachunguzwe.

KUTUNZA CHUPA

Dawa ya macho hutengenezwa ikiwa haina kijidudu hata kimoja. Usafi huo ukipotea, dawa yenyewe inakuwa njia ya ugonjwa. Mwaka 2023 nchini Marekani, nchi yenye vifaa vyote, watu 81 katika majimbo 18 waliambukizwa bakteria sugu katika mlipuko uliohusishwa na chupa za machozi ya bandia. Wanne walifariki, 14 walipoteza uwezo wa kuona, na wanne walitolewa jicho. Kama hayo yamewapata wenye chupa kutoka dukani, je, chupa iliyopita kwenye macho ya watu watano kijijini?

Kwa hiyo:

- Andika kwa kalamu tarehe uliyofungua chupa. Kwa kawaida dawa ya matone hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa, hata kama imebaki nyingi na hata kama tarehe ya kiwandani bado iko mbali.
- Itunze mahali pa baridi, pasipo na jua, mbali na jiko na mbali na watoto. Baadhi ya dawa zinahitaji jokofu, muulize anayekupa.
- Dawa iliyobadilika rangi au yenye chembe chembe, usiitumie.
- Hata ndani ya nyumba moja, kila mgonjwa awe na chupa yake.
- Iliyobaki irudishe zahanati au kwenye duka la dawa wakaiteketeze.

TUNAPONUNUA

Najua kwa nini tunaazimana. Nauli ya bodaboda hadi Kayanga ni fedha, kumwona daktari ni fedha, na dawa yenyewe ni fedha. Ndiyo maana maduka ya dawa ya vijijini yana kazi kubwa. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, ulikusudiwa kuwapa watu wa vijijini dawa zilizothibitishwa kutoka kwa wauzaji waliopata mafunzo. Nunua mahali penye kibali, wala si kwa mchuuzi wa gulioni anayeanika chupa juani. Dawa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA, na kizibo chake kiwe hakijafunguliwa.

Mweleze muuzaji dalili zote, na mwambie kama jicho limeumia. Kisha uliza maswali matatu: Dawa hii ina steroidi? Niitumie siku ngapi? Nisipopata nafuu niende wapi? Muuzaji mwaminifu hatachukia kuulizwa, na anayekasirika amekwisha kukujibu.

USISUBIRI, NENDA HOSPITALI

Mambo haya hayatibiwi kwa dawa ya dukani. Nenda siku hiyohiyo:

- Jicho linauma sana, au mwanga unachoma.
- Uwezo wa kuona umepungua.
- Kuna doa jeupe au la kijivu kwenye kioo cha jicho.
- Jicho limeumia kwa mti, chuma, kemikali au kupigwa.
- Mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja anatoa usaha machoni. Hii inaweza kuwa kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa, nacho kinaweza kumpofusha katika siku chache. Wazazi nao watibiwe. Ndiyo sababu watoto hupakwa mafuta ya tetrasaiklini machoni mara baada ya kuzaliwa; mama asikatae.
- Jicho lililofanyiwa upasuaji limekuwa jekundu au linauma.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uombe kuelekezwa mahali penye huduma ya macho. Nenda na chupa ya dawa yoyote uliyokwisha kutumia, hata kama unaona aibu. Daktari aliyemtibu jirani yangu alijua mara moja kilichotokea kwa sababu jirani alikuwa na ile chupa mfukoni.

Nimalizie na ombi moja kwa kila nyumba inayopata jarida hili. Leo jioni, kabla giza halijaingia, fungua kabati, droo, au kile kikapu kinachoning'inia ukutani. Toa kila chupa ya dawa ya macho uliyonayo, soma jina na tarehe. Iliyopita siku 28 tangu ifunguliwe, ondoa. Ambayo mwenyewe amekwisha kupona, ondoa. Na jirani akija usiku amefunika jicho kwa mkono, usimwambie huna cha kumsaidia. Mpe maji safi ya kuoshea, mpe nauli kama unayo, na asubuhi umsindikize zahanati.

Kwangu kabati lile sasa lina daftari za watoto tu. Jirani yangu bado huja kuazima panga, nami humpa. Tukutane katika toleo lijalo.